Jarida lenye sehemu tano si nakala tano

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wakuu wa maktaba za vyuo vikuu, na hasa na wale wanaowapangia bajeti. Siku hizi kila chuo kinataka kupunguza rafu ili kupata vyumba vya kompyuta, na wengi wanapongeza. Sina ugomvi na kompyuta. Nimeorodhesha majarida katika maktaba ya chuo kikuu tangu zama za kadi na taipureta hadi zama za Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, na najua mashine hizi zimetupunguzia kazi kiasi gani. Naandika kwa ajili ya jambo moja ambalo likipuuzwa, kupunguza rafu kunageuka uharibifu. Nalo ni majarida yanayochapishwa kwa sehemu.

Nikisema sehemu sina maana ya toleo la Januari na toleo la Februari. Nazungumzia jarida ambalo jina lake kuu ni moja lakini limegawanywa kwa fani, kila fani ikapewa herufi yake, wahariri wake na hesabu yake ya juzuu. Mtindo huu si wa jana. Philosophical Transactions ya Royal Society ya London, iliyoanza 1665, iligawanywa kuwa A na B mwaka 1887. Ila uliposhamiri ni katika karne ya ishirini, sayansi ilipokuwa pana mno kwa jarida moja, na majarida mengi ya aina hiyo ndiyo vyuo vyetu vilivyoyanunua kwa fedha za kigeni wakati fedha hizo zilikuwa adimu kwelikweli.

Mwaka juzi kijana mmoja niliyemfundisha kazi alinipigia simu kutoka chuo ambacho sitakitaja. Kamati ya kupunguza vitabu ilikuwa imepita rafuni na karatasi nyekundu, ikibandika kila kilichoonekana kimejirudia.

“Shikamoo mama. Hapa kuna Journal of Physics, juzuu ya 12, mwaka 1979. Ziko tano. Wamesema tubakize moja.”

“Marahaba mwanangu. Usitoe hata moja. Fungua kila moja kwenye ukurasa wa jina, unisomee.”

Akafungua. Ya kwanza ilikuwa A, fizikia ya kihisabati na ya jumla. Ya pili B, atomu na molekuli. Ya tatu C, fizikia ya yabisi. Ya nne D, fizikia tumizi. Ya tano E, vifaa vya kisayansi. Hakuna makala hata moja iliyokuwa katika mbili kati ya hizo. Ni majarida matano, na yote matano yalifikisha juzuu ya 12 mwaka ule ule kwa sababu yote yalianza kuhesabu upya mwaka 1968. Juzuu hizo zilisalimika. Za miaka mitatu iliyotangulia zilikuwa zimekwisha kupakiwa garini wiki iliyopita na kuuzwa kwa kilo, ikabaki moja moja, na hiyo moja iliyobaki ilichaguliwa kwa sababu jalada lake lilikuwa halijachakaa.

Nataka msomaji asiye wa fani yetu aelewe kwamba waliofanya hivyo hawakuwa wazembe. Walisoma migongo ya juzuu, na migongo yote ilisema kitu kimoja: J. PHYS. 12 1979. Walitazama katalogi ya kompyuta, nayo ikasema chuo kina Journal of Physics, ikaorodhesha juzuu ya 12 mara tano mfululizo. Mtu mwenye akili timamu angefikia uamuzi gani mwingine? Tatizo lilizaliwa miaka mingi nyuma, mezani kwa mwenzetu aliyeandika kadi moja kwa majarida yote saba ya jina hilo, A hadi G.

Ngoja nieleze lilivyosafiri. Matoleo ya jarida yalipofika kwa posta, karani aliyaingiza kwenye kadi ya Kardex, yaani kadi ya kumbukumbu za matoleo yaliyopokelewa. Kadi ikiwa imeandikwa Journal of Physics tu, karani alitia alama ya kupokea hapo hapo, iwe A iwe D. Mwaka ulipokwisha matoleo yalifungwa kwa kamba yakapelekwa kwa fundi wa kujalidi, pamoja na karatasi ndogo ya maelekezo ya maneno ya kuchapa mgongoni. Fundi huandika anachoambiwa. Karatasi ilinakiliwa kutoka kwenye Kardex, kwa hiyo mgongo ukakosa herufi. Zilipokuja kompyuta, vijana walionukuu kadi waliandika kilichokuwa kwenye kadi, na waliokwenda rafuni kuhakiki walihakiki kwa kusoma mgongo. Kila mtu katika mnyororo huo alifanya kazi yake. Aliyekosekana ni yule wa mwanzo, wa kufungua ukurasa wa jina na kuuliza: hiki ninachokishika ni jarida gani hasa?

Kanuni zetu zilikwisha kulijibu swali hilo. Kanuni za uorodheshaji za Waingereza na Wamarekani, toleo la pili, zilizotoka 1978, ndizo nilizofundishwa Bagamoyo katika chuo cha ukutubi, na zilisema wazi kwamba ikiwa jarida ni sehemu ya kundi lenye jina la pamoja, unaandika jina la pamoja kwanza, unaweka nukta, halafu herufi ya sehemu, mkato, na jina la sehemu. Hivyo: Journal of physics. D, Applied physics. Kanuni mpya za RDA zilizokuja 2010 hazikuuondoa utaratibu huo. Katika kompyuta yote haya huingia katika uga wa 245, yaani sehemu ya rekodi iliyotengwa kwa jina, herufi mahali pake na jina la sehemu mahali pake, na mfumo huyapanga wenyewe. Kila sehemu rekodi yake. Tena kila sehemu ina ISSN yake, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha jarida: C ni 0022-3719, D ni 0022-3727. Wachapishaji wasingejisumbua kuomba namba mbili kwa kitu kimoja.

Wapo wakutubi wenzangu, watu ninaowaheshimu, wanaoshikilia kwamba kadi moja humsaidia msomaji kuona kundi zima mahali pamoja. Nimewasikiliza kwa miaka mingi. Lakini jina la pamoja likitangulia, rekodi zote saba zinajipanga pamoja zenyewe, kwa alfabeti, A hadi G, iwe katika droo ya kadi au kwenye skrini. Msomaji anaona familia nzima na bado anajua nani ni nani. Kadi moja haimpi chochote zaidi ya hapo, ila inamnyima majina.

Na familia hii ina historia ambayo kadi moja haiwezi kuibeba. Kabla ya 1968 palikuwa na Proceedings of the Physical Society. Hiyo iligawanywa A na B mwaka 1949, ikaunganishwa tena 1958, kisha 1968 ikafungwa na Journal of Physics ikachukua nafasi yake, ikiwa imegawanyika tangu kuzaliwa. F, ya fizikia ya metali, ilikuja 1971. G, ya fizikia ya nyuklia, ilijitoa ndani ya A mwaka 1975. Kwa hiyo mwaka ule wa 1979 ambapo wenzao walikuwa juzuu ya 12, F ilikuwa ya 9 na G ilikuwa ya 5. Juzuu ya 12 ya F ni ya 1982, na ya G ni ya 1986. Mwaka 1989 C na F ziliungana zikawa Journal of Physics: Condensed Matter, ikaanza juzuu ya 1. Mwaka uliofuata E ilibadilisha jina kabisa ikawa Measurement Science and Technology, nayo ikaanza juzuu ya 1. A imebadilisha jina lake la sehemu zaidi ya mara moja, mara ya mwisho 2007, ikapewa na ISSN mpya.

Yote haya yana mahali pake katika rekodi. Uga wa 780 unasema jarida hili limetokana na lipi, wa 785 unasema limeendelea kuwa lipi. Mwanafunzi anayetafuta fizikia ya yabisi ya 1988 akafika mwisho wa C, juzuu ya 21, anaelekezwa papo hapo kwamba safari inaendelea Condensed Matter. Bila viungo hivyo anadhani chuo kiliacha kulipia. Nimewasikia wahadhiri wakiilaumu maktaba kwenye vikao kwamba “majarida yalikatika 1988”, na juzuu za 1989 ziko rafu ya pili kutoka hapo.

Sasa nizungumze na vijana wa kompyuta, maana ndio wanaoshika usukani siku hizi, na nawapenda. Kijana mmoja katika maktaba niliyokuwa nikisaidia baada ya kustaafu aliniambia kwa furaha, “Mama, nimesafisha katalogi. Rekodi saba za Journal of Physics nimeziunganisha kuwa moja. Mfumo ulionyesha majina yanafanana.” Mtu mwingine alikuwa amezitengeneza vizuri, moja moja, na kijana akazikunja kwa bofyo moja. Nikamketisha, tukaenda rafuni pamoja tukiwa na orodha ya ISSN. Nilimwonyesha C na D. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, “Kwa hiyo mama, mfumo unalinganisha jina la mbele tu?” Ndiyo, mwanangu. Mashine inalinganisha ulichoiambia ilinganishe. Jioni hiyo alirudisha nakala ya akiba ya katalogi, na baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia wengine.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na ndio unaowaumiza wanafunzi wetu wa uzamili hadi leo. Mwaka 1965 Walter Kohn na Lu Jeu Sham walichapisha makala katika Physical Review ambayo watu wa fizikia na kemia ya kukokotoa wanaitaja kila siku. Kazi hiyo ndiyo iliyochangia Kohn kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Makala hiyo hutajwa hivi: Phys. Rev. 140, A1133. Mwanafunzi anaona herufi A, anaona 140, anaandika kwenye fomu: Physical Review A, juzuu ya 140. Anaambiwa haipo. Na kweli haipo, wala haipo popote duniani! Physical Review A ilianza 1970 na juzuu ya 1, na mpaka leo haijafika ya 140.

Kilichotokea ni hiki. Physical Review ilianza 1893 ikiwa jarida moja. Mwaka 1964 na 1965, juzuu za 133 hadi 140, wachapishaji walijaribu kuigawa nusu kwa nusu, kurasa za upande mmoja zikaanza na A na za upande wa pili zikaanza na B, lakini jina na namba ya juzuu vikabaki vile vile. Makala nyingine maarufu ya Kohn, aliyoandika na Pierre Hohenberg mwaka 1964, iko 136, B864. Halafu wakaacha. Mwaka 1970 ndipo walipoigawa kweli kweli, A, B, C na D, kila moja na juzuu yake ya 1. Ya E ikaja 1993.

Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba herufi peke yake haitoshi kutengeneza rekodi mpya. Lazima uangalie kama sehemu ina jina lake na hesabu yake. A na B za 1964 hazina hesabu yake, kwa hiyo mimi huziacha ndani ya rekodi ya Physical Review, ISSN 0031-899X, na kuandika maelezo katika uga wa 515, uliowekwa kwa ajili ya vituko vya namba: juzuu 133 hadi 140 zimetolewa katika sehemu A na B, zisichanganywe na Physical Review A na B zilizoanza 1970. Sentensi moja tu. Nimemwona mwanafunzi akiwa ameandika barua pepe nje ya nchi kuomba makala ya 140, A1133, na chuo chake kina juzuu hiyo. Ilikuwa ghorofa ya juu, imesimama kichwa chini, mgongoni imeandikwa PHYS REV A. Mtu wa kujalidi aliiona A ukurasani akadhani anasaidia.

Kuna na makosa ya upande wa pili. Biochimica et Biophysica Acta, iliyoanza 1947, ina sehemu nyingi, lakini sehemu zote zinagawana mfululizo mmoja wa namba za juzuu. Mwaka 2016, juzuu ya 1857 ni ya Bioenergetics, na ya 1858 ni ya Biomembranes. Chuo kilicholipia sehemu moja tu kitaona namba zinaruka, na zitaendelea kuruka daima. Maktaba moja ya sayansi ya afya ilimsumbua wakala wake kwa barua za madai ikidai juzuu “zilizopotea njiani”, na wakala naye, kwa kuwa hakutazama, akawa anajibu kwamba anafuatilia. Juzuu hizo hazikupotea. Zilikuwa za sehemu ambazo chuo hakikuwahi kuzilipia. Rekodi ya sehemu ingekuwepo, na maelezo ya 515 yakawepo, barua hizo zisingeandikwa.

Kwa hiyo jarida moja linakudanganya uone nakala rudufu ambazo hazipo, na jingine linakudanganya uone mapengo ambayo hayapo. Katika hali zote mbili anayeokoa ni mtu aliyefundishwa kutazama. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sijaona mahali inapotimia kama kwenye rafu za majarida, kwa sababu mwizi akiiba kitabu kuna atakayepiga kelele, ila sehemu C ikiuzwa kwa jina la sehemu A hakuna anayejua kwamba imeondoka.

Nimeambiwa, tena na mtu mkubwa, kwamba haya yote ni ya kizamani kwa kuwa “kila kitu kipo mtandaoni”. Kipo, ndiyo. Physical Review yote tangu 1893 imewekwa kwenye intaneti, kwa atakayelipa. Juzuu iliyoko rafuni ilikwisha kulipiwa. Na huko mtandaoni sehemu hazikufutika. Journal of Physics ina mfululizo wa makala za mikutano, Conference Series, ulioanza 2004, ambao unasomwa bure. Nimekuta katalogi ambamo kiungo cha Conference Series kimetundikwa kwenye rekodi ya ile Journal of Physics ya zamani iliyokunjwa kuwa moja. Mwanafunzi anatafuta makala ya 1979, anabofya, anaingia katika jarida lililozaliwa miaka ishirini na mitano baadaye, hapati kitu, anaamua kwamba makala haipo. Bora angekutana na ukurasa mtupu, angekuja kaunta kutuuliza.

Jambo la gharama nalo linatajwa kila mara. Rekodi sahihi za majarida niliyoyataja zimekwisha kutengenezwa na kusahihishwa na watu wengine. Katalogi ya Library of Congress iko wazi, na Koha inaweza kuchota rekodi kutoka huko moja kwa moja bila malipo. Maktaba hiyo ina hata ofisi yake Nairobi inayokusanya machapisho ya ukanda wetu. Kazi inayobaki ni kuchagua rekodi inayolingana na juzuu uliyoishika, kuandika chuo chako kina miaka ipi, na kurekebisha lebo mgongoni. Anayeweza kuifanya ni mkutubi mmoja aliyefundishwa majarida, akiwa na msaidizi wa kubeba na meza ya kutosha. Lakini vyuo vingi, mkutubi wa majarida akistaafu, nafasi yake haijazwi. Kazi wanapewa watu wa kaunta wafanye “wakipata muda”, na watu wa kaunta hawana muda, kila anayepita chuoni anaona foleni.

Na tusidhani ni shida ya majarida ya wazungu pekee. Jarida letu la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liliitwa Swahili hadi mwishoni mwa miaka ya sitini. Lilipochukua jina lake la sasa, yaani “Kiswahili”, mwaka 1970 hesabu ya juzuu iliendelea bila kuanza upya. Mtafiti wa lugha anayetafuta juzuu za mwanzo chini ya jina la sasa hatazipata kama viungo vya 780 na 785 havikuwekwa. Isitoshe, vitivo vya vyuo vyetu vimeanza kutoa majarida yao, na baadhi vinataka kuyagawa kwa sehemu za sayansi na sanaa. Nawaomba wahariri hao: ukigawa, kila sehemu iombewe ISSN yake tangu toleo la kwanza, jina la sehemu liandikwe kwenye jalada kwa herufi zinazoonekana, na amua mapema kama sehemu zitahesabu juzuu pamoja au kila moja kivyake. Usibadilishe katikati. Mnachokifanya leo katika kikao cha nusu saa kitamhangaisha mtu mwingine kwa miaka hamsini.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo. Juzuu ya jarida isitoke maktaba kwa sababu ya mgongo wake au kwa sababu ya skrini. Ifunguliwe ukurasa wa jina, isomwe herufi, isomwe jina la sehemu, ilinganishwe ISSN kama imechapishwa, na aliyefanya hivyo aandike jina lake kwenye orodha ya kuondoa. Rekodi zisiunganishwe kwa wingi kwenye kompyuta bila mkutubi wa majarida kuziona. Na wakaguzi wa Tume ya Vyuo Vikuu wanapokagua maktaba, pamoja na kuhesabu vitabu na viti, nawaomba wachague jarida moja lenye sehemu na waulize chuo kina sehemu zipi na miaka ipi. Jibu watakalopata litawaambia kama katalogi hiyo inaaminika.

Chuo kisichojua pa kuanzia kianze na Physical Review ya 1964 na 1965. Ni juzuu nane tu kwa namba, 133 hadi 140. Zitoeni rafuni zote, A na B, mzipange mezani, muone zipi mnazo na zipi zimekwenda. Kisha andikeni ile sentensi ya uga wa 515, mbandike lebo mpya migongoni, na muwaarifu idara ya fizikia na ya kemia kwamba zipo. Mimi bado naweza kupanda ngazi za maktaba, na chuo chochote cha Morogoro au Dar es Salaam kikinihitaji kwa kazi hiyo nitakuja na miwani yangu.

Mkutubi mstaafu,
Morogoro